Kulabu za mbele kwenye pikapu: kuzifunga, na kuvutwa bila kuumiza mtu

Nanunua viazi mashambani upande wa Molo na Keringet. Siku za kazi navipeleka Nakuru, na Jumapili nikijaliwa nateremka navyo mpaka Kibuye, Kisumu. Pikapu yangu ni Hilux ya kebini moja, ya dizeli. Nikipakia magunia kumi na manane ya kilo 50, nimebeba kilo 900 juu ya uzito wa gari lenyewe. Mvua za masika zikishika, njia za kuingia shambani zinageuka uji, na sikumbuki mwezi wa Aprili ambao sikuvutwa au sikumvuta mtu.

Miaka minne iliyopita, kwenye mteremko mmoja nyuma ya Keringet, lori lilikuja kunivuta kwa mnyororo. Mbele ya gari langu palikuwa na kulabu iliyokunjwa kwa nondo na kuchomelewa kwenye kishikio cha bampa, kazi niliyofanyiwa gereji na kuilipia. Lori lilipokaza, nondo iling'oka pamoja na kipande cha kishikio. Iliruka kuelekea lori, ikagonga ubavu wa bodi, ikachepuka na kuingia kwenye ua wa shamba. Ubao ulipasuka katikati. Hatua tatu kutoka pale walisimama watoto waliotoka shule, wanatazama gari likivutwa. Hakuna aliyeguswa. Usiku ule sikulala, na mpaka leo nikiona watu wamejazana kando ya gari linalovutwa nasimama kuwaondoa, hata kama sina habari na gari lile.

Baada ya hapo nilimtafuta mzee mmoja wa Njoro aliyetengeneza matrekta maisha yake yote. Nilitaka aniambie ninunue kulabu gani. Akaniambia, "Mama, usiniulize kulabu ina nguvu gani. Niulize imeshikwa na nini." Kila ninachokiandika hapa kimetoka kwenye neno hilo. Nguvu ya kuvuta inasafiri: inatoka kwenye chasi, inapita kwenye bolti, kwenye kulabu, kwenye pingu (chuma cha upinde kinachounganisha kulabu na mkanda), kwenye mkanda, mpaka inafika gari la mwenzako. Palipo dhaifu kuliko pote ndipo patakapoachia, na kinachoachia kikiwa chuma, kinaruka.

Na nguvu yenyewe si ndogo. Gari lililozama mpaka katikati ya magurudumu linataka mvuto unaokaribia uzito wake wote. Likizama mpaka tope likafika kwenye matao ya magurudumu, hesabu mara mbili ya uzito. Gari langu likiwa na viazi lina tani mbili na nusu hivi, kwa hiyo kulabu zangu lazima ziwe tayari kwa tani tano.

Anza na kuchungulia chini ya bampa

Lala chini uangalie gari lilikuja na nini. Pikapu nyingi zilizovuka bahari zina vipete au vikulabu vyembamba mbele, vimeshikwa kwa bolti moja au vimechomelewa kwenye bati. Hivyo viliwekwa ili gari lifungwe lisisogee melini. Kazi yake ni kushikilia gari lililotulia, na mvuto wake ni wa kuelekea chini. Ukivitumia kujitoa kwenye tope vinafunguka kama waya. Magari mengine, hasa mapya, yana tundu lenye kifuniko kwenye bampa, na pete ya kuzungushia ndani ambayo huwekwa pamoja na jeki. Pete hiyo inafaa kupandisha gari kwenye lori la kubebea magari, au kulivuta taratibu kwenye lami iliyonyooka. Kwenye matope iache kwenye mfuko wake.

Sehemu nyingine ambazo watu hufungia kamba nimeziona zote: bampa, ekseli, mikono ya saspensheni, vyuma vya stelingi. Vyuma vya stelingi vikipinda hata kidogo, gari litakuvuta upande mmoja barabarani. Nyuma, watu hupenda kile kitufe cha chuma, cha mviringo kama mpira, cha kuvutia tela. Tafadhali, usikitumie kamwe kunasua gari. Shingo yake ni nyembamba na haikukusudiwa mshtuko; ikikatika, inatoka kama risasi kupitia kioo. Kule Australia, ambako watu hucheza sana na magari kwenye matope, vitufe hivyo vimeua.

Kuchagua kulabu

Ziko za mdomo wazi na ziko za tundu lililofungwa. Za mdomo wazi ni nyepesi kutumia, unatupia kitanzi cha mkanda na kazi imekwisha. Ila mkanda ukilegea kidogo gari likiyumba, kitanzi hupanda mpaka kwenye ncha bila wewe kuona, na mvuto unaofuata unakikuta pale. Ukizichukua, ziwe na ulimi wa springi unaofunga mdomo. Mimi nilichagua za tundu: bamba nene la chuma lililotobolewa, ambalo pingu inapita ndani yake na haiwezi kuchomoka.

Nunua mbili, ya kushoto na ya kulia. Mvuto wa kona moja unaipinda chasi, na unaibebesha kona hiyo kazi ya mbili. Tafuta zilizotengenezwa kwa chasi ya aina ya gari lako na mwaka wake, zikiwa na kipimo cha uzito kilichogongwa kwenye chuma chenyewe, maana karatasi ya kubandika haithibitishi kitu. Nondo usiikubali hata ukipewa bure. Nondo ni ya kufungia zege. Haikutengenezwa kukunjwa, kuchomwa moto na kisha kuvutwa kwa kishindo.

Ukipata zilizotumika kutoka kwenye gari lililobomolewa, zikague hivi: safisha kwa brashi ya waya, zipake mafuta ya taa, subiri robo saa, pangusa zikauke kabisa, halafu zipake unga wa chaki. Penye ufa, mafuta yaliyojificha ndani yatatoka na kuchora mstari kwenye chaki. Ukiuona mstari, kulabu hiyo ni chuma chakavu.

Bolti

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo watu wanapookoa shilingi mia mbili na kupoteza gari.

Kichwani mwa bolti nzuri pana namba. Tuseme 8.8. Zidisha namba ya kwanza kwa 100 upate nguvu inayokatisha chuma hicho, yaani megapaskali 800 (megapaskali ni kipimo cha nguvu kwa eneo la chuma). Namba ya pili inasema chuma kinaanza kurefuka bila kurudi kikifika asilimia 80 ya nguvu hiyo. Bolti ya 10.9 inakatika kwenye megapaskali 1,000 na inaanza kurefuka kwenye asilimia 90. Ukileta hesabu hiyo kwenye bolti nene ya milimita 12, ambayo fundi anaiita M12, ya 8.8 ikivutwa kwa urefu inakatika karibu na tani 6.8, na ya 10.9 karibu na tani 8.5. Ile laini ya daraja la 4.6 inaachia kabla ya tani tatu na nusu. Na hizo ni hesabu za kuvutwa kwa urefu. Bolti za kulabu mara nyingi hukatwa kwa ubavu, kwa hiyo punguza karibu asilimia 40 kwenye kila moja. Bolti isiyo na namba kichwani, hata iking'aa namna gani, iache ifunge kitanda.

Tumia daraja ambalo mtengenezaji wa kulabu amelitaja, na nati za daraja linaloendana nalo. Nati laini kwenye bolti ngumu inachunika meno.

Sasa meno yenyewe. Kipimo cha M12 kinachojaa kwenye maduka ya vyuma kina meno makubwa, hatua ya milimita 1.75, yaani umbali wa kutoka jino moja hadi linalofuata. Toyota nyingi hutumia M12 ya meno madogo, hatua ya 1.25. Ukiziweka pembeni kwa pembeni kwa haraka unaweza kusema ni ndugu. Kijana wangu wa kupakia alichukua bolti ya 1.75 akaiingiza kwenye nati iliyochomelewa ndani ya chasi. Ilizunguka mara mbili, ikawa ngumu, akaongeza bomba kwenye spana. Meno ya nati yakaharibika yote. Tulipoteza siku nzima kutafuta tapu ya M12 hatua 1.25 ili tuyachonge upya. Sheria yangu tangu siku hiyo: bolti lazima iingie kwa vidole mizunguko sita kabla spana haijaguswa. Ikikataa vidole, itoe uulize kwa nini.

Kufunga

Egesha kwenye sakafu tambarare, breki ya mkono juu, mawe nyuma ya magurudumu. Kama utainua mbele, weka stendi; usiingie chini ya gari lililobebwa na jeki peke yake. Fungua bamba la kinga chini ya injini, na kama bampa linazuia mikono, lishushe. Ni bolti chache tu, na kazi inakuwa rahisi mara kumi. Gari lako likiwa na mifuko ya hewa, huko mbele kuna vihisio vyake na nyaya za manjano. Ondoa waya wa betri kwanza, na vihisio usivisogeze mahali pake.

Chukua nyundo ndogo ugonge chasi kuanzia ncha kuja nyuma. Chasi nzima inalia kwa sauti kali. Iliyoliwa na kutu inalia bubu, na wakati mwingine inamwaga magamba. Magari yanayofanya kazi kwenye mbolea na tope kama yetu huliwa kwa ndani, huku nje rangi ikionekana salama. Ukisikia bubu, acha habari ya kulabu kwanza, mwone fundi wa chasi.

Kisha tafuta matundu ya kiwandani. Kwenye gari langu yalikuwepo, mawili kila upande, nati zikiwa ndani tayari, zimejaa udongo. Nilizipiga brashi ya waya na mafuta ya kulegeza kutu, nikaziacha usiku mzima. Sehemu ambayo kulabu italalia chasi isafishwe ibaki chuma, na ipakwe rangi nyembamba tu ya kuzuia kutu. Rangi nene, tope au kipande cha mpira katikati vitabanwa na kusagika baada ya wiki, na bolti itakuwa imelegea bila wewe kuigusa.

Kama gari lako halina matundu, usitoboe tu na kupitisha bolti. Chasi ya boksi ina kuta mbili na uwazi katikati. Ukikaza bolti inayopita zote mbili, kuta zinabonyea ndani na bolti haitakaza kamwe. Inatakiwa kipande cha bomba zito ndani, urefu sawa na uwazi ule, bolti ipite ndani ya bomba. Upande wa nati liwekwe bamba la chuma la milimita 6 au zaidi, ili mvuto usambae. Toboa kwa kupanda: kekee ya milimita 4, kisha 8, kisha saizi yenyewe, mbali na kingo za chasi na mbali na maungio yaliyochomelewa. Hiyo ni kazi ya fundi aliyekwisha kuifanya. Mafundi wa jua kali wanaokata na kutoboa bamba vizuri kuliko viwanda wapo. Ninachokataa ni kulabu kuchomelewa moja kwa moja. Moto unaubadilisha ugumu wa chuma pembeni ya mshono, unachoma rangi ya ndani usikoweza kufika na brashi, na mshono hauoneki ubovu wake mpaka siku unapoachia.

Weka bolti zote kwa mkono kabla ya kukaza hata moja. Washa, vile visahani vya chini ya nati, ziwe nene na ngumu. Kisha kaza kwa zamu, huku kidogo na kule kidogo.

Kukaza kiasi gani? Bolti iliyokazwa sawasawa inaibana kulabu kwenye chasi mpaka chuma na chuma vinashikana kwa msuguano, na msuguano ndio unaobeba sehemu kubwa ya mvuto. Ikiwa legevu, kulabu inateleza milimita moja, inaipiga bolti kama nyundo, na kila mvuto unaikata kidogo. Ukikaza kupita kiasi nako, bolti inarefuka na nguvu yake inabaki kwenye spana yako. Fuata karatasi ya kulabu. Kama haina, M12 ya 8.8 hukazwa karibu nyutoni-mita 85 (kipimo cha nguvu ya kuzungusha), na ya 10.9 karibu 115, meno yakiwa makavu na safi.

Spana ya kupima nguvu sina. Nina mizani ya kuning'iniza, ile ya kupimia viazi. Nilipima sentimita 50 kutoka katikati ya bolti kwenye mpini wa spana, nikafunga kamba pale, kamba kwenye ndoana ya mizani, nikavuta mizani ikiwa imesimama pembe mraba na spana. Kilo 18 kwenye mizani kwa nusu mita ni nyutoni-mita 88. Kilo 24 ni 118. Vuta polepole, usome namba spana ikiwa inasogea. Fundi wa Njoro alipoona alicheka kwa furaha, akaniambia hata yeye ataazima.

Ukimaliza, chora mstari wa rangi nyeupe kutoka kichwa cha bolti mpaka kwenye kulabu. Bolti ikigeuka, mstari utavunjika, na utauona ukiwa umesimama. Baada ya kilomita mia moja, na tena baada ya mvuto wa kwanza, pima tena. Rudisha bampa, hakikisha kulabu hailigusi, na kwamba haichomozi mbele kiasi cha kumchana mguu mtu anayevuka barabara.

Vitu vya kubeba

Mikanda ni ya aina mbili na wauzaji wengi hawatofautishi. Wa nailoni unaonyumbuka hurefuka kwa asilimia 20 hadi 30, unameza mshtuko na kuurudisha taratibu. Huo ndio wa kunasua gari kwenye tope kwa gari jingine. Wa poliesta haurefuki sana. Huo ni wa kuvuta polepole bila kishindo. Mnyororo na waya havinyumbuki hata kidogo, kwa hiyo mshtuko wote unaishia kwenye bolti zako. Nguvu ya mkanda iwe mara mbili hadi tatu ya uzito wa gari jepesi kati ya mawili. Wangu ni wa tani 8.

Pingu ni ile ya chuma yenye umbo la upinde na pini ya kuzungushwa. Chukua iliyogongwa herufi WLL, yaani mzigo wa juu inaoruhusiwa kufanyia kazi, na namba 4.75T, yaani tani 4.75. Pini yake ina milimita 22, kwa hiyo beba kulabu yako, au kipimo cha tundu lake, unapoenda dukani. Mimi nilirudi nyumbani na pingu mbili nzuri ambazo hazikuingia. Pini ikaze kwa mkono mpaka mwisho, kisha irudishe robo mzunguko, la sivyo baada ya mvuto haitafunguka.

Tatu, mkanda mfupi wa kuunganisha kulabu mbili, ili mvuto ugawanyike. Urefu wake ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Kulabu zangu zimeachana sentimita 80. Kila mkono wa mkanda ukiwa na sentimita 80 pia, unapata pembetatu ya pande sawa, pembe ya nyuzi 60, na kila kulabu inabeba asilimia 58 ya mvuto. Ukitumia mkanda mfupi mpaka pembe ikafika nyuzi 120, kila kulabu inabeba mvuto mzima, na juu ya hayo zinavutwa kwa ndani zikutane. Wangu una mita tatu.

Ongeza jembe, glavu za ngozi, na blanketi zito. Hayo matatu ni ya bei rahisi na ndiyo ninayoyatumia zaidi.

Siku ya kukwama

Kwanza shusha mzigo. Najua magunia kumi na manane ni kazi, najua mvua inanyesha. Lakini ukishusha kilo 900 umeondoa zaidi ya theluthi moja ya uzito, na mara nyingi gari linatoka bila kuvutwa. Kisha chimba mbele ya kila gurudumu, tengeneza mteremko, tupia matawi au mabua ya mahindi. Udongo mwekundu wa Molo unateleza. Ukichimba mpaka pagumu unapata pa kukanyaga. Ule mweusi wa uwanda wa Kano, kuanzia Ahero kuelekea ziwani, tabia yake ni nyingine: unanyonya. Pale lazima uchimbe pande zote za gurudumu upepo uingie, ama sivyo utavuta mpaka kitu kivunjike huku gurudumu limebaki limenyonywa.

Gari la kuvuta lisimame kwenye ardhi ngumu, limenyooka na lako. Kulabu za mbele zimefungwa kwa mvuto wa mbele. Ukivuta kwa pembe kubwa unazipinda kwa ubavu na kuikunja ncha ya chasi; magari yakishindwa kunyooka, chimba zaidi ili uligeuze lako kidogo kwanza.

Funga mkanda. Usiupige fundo, maana fundo linakula karibu nusu ya nguvu yake, na ukishakazwa utalikata kwa kisu. Mkanda ukiwa mfupi, usiunganishe miwili kwa pingu: ukikatika, kilo moja ya chuma inaruka ikiwa imefungwa kwenye mpira. Pitisha kitanzi cha mmoja ndani ya mwingine, weka gazeti lililokunjwa ndani ya fundo linalotokea, vitafunguka baadaye. Katikati ya mkanda laza blanketi lililoloweshwa. Mkanda ukikatika, blanketi linaushusha chini.

Sasa watu. Kila mtu aondoke, na hapa sisikii "sisi tunatazama tu". Urefu wa mkanda mara moja na nusu, pembeni, na asiwepo mtu kwenye mstari wa mbele wala wa nyuma. Mkanda wa mita tisa, watu wasimame mita kumi na tatu na nusu au zaidi. Watoto nawapeleka mbali mwenyewe, nikiwashika mkono, na kama kuna mama au mzee pale namwomba akae nao. Ndani ya kila gari abaki dereva tu. Mtu mmoja, mmoja peke yake, ndiye anayetoa ishara, na madereva wote wawili wanamwona. Mkono juu ni simama. Honi ndefu ni simama. Yeyote akipiga kelele ya simama, tunasimama, tutaulizana baadaye.

Kwa mkanda wa kunyumbuka, acha mita moja au mbili ya ulegevu ardhini, gari la kuvuta liingize 4L (magurudumu yote manne, gia nzito za mwendo wa chini), gia ya kwanza au ya pili, litoke kwa mwendo wa mtu anayetembea haraka. La kukwama nalo lizungushe magurudumu taratibu kwenye gia ya mbele. Likigoma, usiongeze mbio. Mwendo ukizidi mara mbili, nguvu ya kishindo inazidi mara nne: gari linalotoka kwa kilomita 20 kwa saa lina kishindo mara nne ya linalotoka kwa 10. Mara tatu ikishindikana, kila mtu ashuke, mchimbe tena. Nimeona madereva wakikasirika kama vile tope limewatukana, na hapo ndipo vitu hukatika.

Kwetu msaada mara nyingi ni trekta, na trekta lina hatari yake. Lifungiwe kwenye chuma cha chini cha kuvutia tu, kile kilicho chini ya ekseli ya nyuma. Mtu akifunga mkanda juu, kwenye mkono wa kuinulia jembe au kwenye kiti, mvuto mzito unainua pua ya trekta na linapinduka kinyumenyume juu ya dereva kabla hajakanyaga klachi. Tumia mkanda usionyumbuka, trekta likaze polepole mpaka ulegevu uishe, ndipo livute kwa gia ya chini. Dereva wa trekta akikuambia ataanza kwa kuruka, mkatalie kwa heshima, usubiri mwingine.

Kuvutwa barabarani gari likiwa limeharibika ni jambo la mbali na hilo. Injini ikiwa imezimwa, breki zinakuwa ngumu kama jiwe na usukani mzito, na ufunguo lazima uwe umewashwa usukani usijifunge. Mkanda wa poliesta, kitambaa chekundu katikati, taa za tahadhari zote mbili, mwendo wa pole, kwenye njia ya mtaani tu. Gari la gia otomatiki soma kitabu chake kwanza, kwa sababu mengi yanaharibika gia yakivutwa magurudumu yakiwa chini. Kwenye barabara kuu ya kutoka Nakuru kwenda Mau Summit, na malori yale yanayoteremka, mimi naita gari la kubeba, naweka pembetatu zangu mbili, nakaa nje ya barabara.

Nikifika nyumbani mkanda unaoshwa kwa maji matupu, mpaka mchanga wote utoke, kwa sababu mchanga unaobaki ndani unakata nyuzi kila unapovutwa. Unakaushwa kivulini, jua kali linaukausha nailoni ukawa mgumu. Naupitisha wote kwenye vidole nikitafuta palipokatika au palipong'aa kwa kuungua. Natazama mistari myeupe kwenye bolti. Mara moja kwa mwaka, kabla ya masika, narudia mafuta ya taa na chaki kwenye kulabu na kwenye pingu. Mkanda uliochanika hata ukingoni naukata vipande vipande kwa panga kabla ya kuutupa, kwa kuwa niliwahi kuuacha mmoja mzima nyuma ya nyumba, na wiki iliyofuata nikaukuta umefungwa kwenye gari la jirani, watu wamesimama pembeni.